Sauti Yangu ya Kwaya

Mke wangu Mama Anna,

Nimekuficha jambo miaka arobaini na mitano. Kwa kuwa daktari wa Mbarara anasema moyo wangu umechoka, nalisema kabla haujasimama.

Huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale ninakojitolea kufundisha, nakaa kwa Mama Neema, Mkongo wa Kivu, na familia yake. Wananilisha bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, mpaka suruali inalalamika. Kwa kujisifu tu, niliwaambia kwamba ujanani niliimba besi. Jumapili wakaniingiza kwenye kwaya yao. Katikati ya wimbo kiongozi akawanyamazisha wengine wote, watu waisikie besi ya Mwalimu. Midomo yangu ikaendelea kufunguka na kufungwa, kanisa kimya.

Mama Neema akaniinamia. “Mwalimu, kinywa iko natembea, lakini sauti uliacha fasi gani?”

“Nyumbani,” nikamjibu.

Wanafunzi wangu walicheka hadi mahubiri yakachelewa.

Nakuombea afya, na moyo wa kunisamehe ukiweza. Sijawahi kuimba, mke wangu. Sauti iliyokufanya unikubali ilikuwa ya Yona, aliyesimama nyuma yangu katika kwaya yetu ya ujanani, yule ambaye posa yake uliikataa.