Majina Niliyompa Zuhura

Gisenyi, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Mwajuma,

Assalamu alaikum, dada. Nakusalimu wewe kwanza, pamoja na magoti yako. Je, yale mafuta ya kuchua yalisaidia? Msalimie shemeji, mwambie kikohozi chake nakikumbuka kila upepo wa ziwa la huku unapovuma. Mama yetu anaendeleaje? Bado anauliza mimi ni yupi kati ya watoto wake, au ameshanisahau kabisa? Mshike mkono wa kulia umwambie ni Mariamu anamsalimu, yule aliyeolewa Rwanda. Kaka Hamisi na mkewe nawasalimu kwa pamoja, wasije wakagombana nani ametajwa mbele. Na mjukuu wako aliyezaliwa mwezi wa mfungo, mbusu utosini. Kama nimemruka mtu anisamehe, kichwa changu siku hizi hakishiki.

Huku sisi tunapumua. Sisemi wazima.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu yangu ni mwanangu Zuhura anayeitengeneza, na nyumba yetu unaijua, ukisema sebuleni wa chumbani anasikia. Ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie bado. Barua nitampa dereva wa lori anayerudi huko Kigoma. Niliishia darasa la tatu, uvumilie mwandiko.

Dada, Zuhura wanamwachisha kazi mwisho wa mwezi, na aliyemponza ni mimi.

Nikueleze vizuri. Wanawake ninaovuka nao mpaka kupeleka bidhaa Goma wana ushirika wao, na ushirika una chumba cha baridi karibu na soko. Mtu akikosa kuvuka, anaweka mzigo wake humo usioze. Ofisi ya Zuhura ilipewa kazi ya kutengeneza programu ya kugawa nafasi: unatuma jina lako kwa simu, programu inakuandikia rafu, asubuhi unachukua chako. Walitumia majina kwa sababu simu moja huku inashikwa na mke, mume na hata jirani.

Zuhura ni mtu wa kupima, wewe uliyemlea miaka ya shule unamjua. Aliniambia programu ina vipande vidogo vidogo, na kila kipande anakiandikia swali ambalo jibu lake analijua kabla. Akibonyeza, mashine inajiuliza maswali yote yenyewe. Kipande kikijibu sawa, kijani. Kikikosea, nyekundu. Nikamwambia, "Kama kutupa andazi moja kwenye mafuta kwanza." Akacheka. "Hapana mama. Hapa naonja unga peke yake, chumvi peke yake, sukari peke yake, kabla sijakanda."

Sasa maswali hayo yalitaka majina. Akaniomba, "Mama, nipe majina kumi na mawili ya wanawake unaovuka nao, yawe ya kweli, nisibuni." Alikuwa amechoka, macho mekundu, chai imepoa mbele yake. Unajua huku mwanamke haitwi jina lake, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Na akina Mama Zawadi tunao watatu: mmoja wa Cyanzarwe anauza karoti, mmoja wa Nyakiriba anauza kabichi, na mmoja wa hapa mjini, mjane, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Niliwakumbuka wote watatu, dada. Nikasema moyoni, nikimpa majina yanayofanana nitamchanganya mtoto na mashine yake. Nikamchambulia kama mtu anavyochambua mchele wa wageni. Nikampa Mama Zawadi mmoja, na wengine kumi na moja walionyooka.

Kumbe maswali yale yalitaka yale mawe niliyoyatoa.

Aliyajibisha yote, ikawa kijani juu mpaka chini. Akanionyesha, nikapiga vigelegele. Wiki ya kwanza hakukuwa na shida, maana hao watatu hawakulaza mizigo siku moja. Wiki ya pili mpaka ulichelewa kufunguliwa, wote watatu wakaweka. Programu ikaona Mama Zawadi ni mtu mmoja. Ikabakiza rafu moja, ile ya karoti, mizigo mingine ikahesabiwa haina mwenyewe. Mlinzi akaitoa nje kama alivyoandikiwa. Tulipofika jua lilikuwa limeshakaa juu ya sambaza.

Mama Zawadi wa samaki hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale akaanza kutenganisha wale waliobaki wazima, kwa kidole, mmoja mmoja. Ni mimi niliyemshawishi ajiandikishe.

Ushirika ukaita mkutano. Wanawake wakasema walichosema. Mmoja akamwambia Zuhura, "Hii mashine yako inajua tu kutupa samaki ya watu. Ata paka iko na haya, yeye angalau angekula." Watu wakacheka, na Zuhura naye akajaribu kucheka. Bosi wake, kijana mpole tu, akamuuliza mbele yetu, "Bon, majina ya kupimia ulipata wapi?"

Mi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Zuhura hakunitazama. Akasema, "Niliyabuni mwenyewe. Sikuuliza mtu."

Nikanyamaza, dada. Mikono nimeiweka hivi mapajani kama niko msikitini.

Tulipofika nyumbani akaniuliza taratibu tu, "Mama, kwani hukujua wako watatu?" Nikamjibu, "Sikukumbuka." Akasema, "Basi. Ni mimi nilipaswa kuweka wanaofanana." Akaingia chumbani. Angenitukana ningepata pa kushika.

Sasa ameandika swali jipya lenye akina Mama Zawadi watatu. Likatoka nyekundu. Akatengeneza, likawa kijani. Aliniita nione, akasema, "Yote kijani sasa, mama," halafu akalia, kwa sababu ushirika umeshaitoa ile programu na kurudia daftari. Hakuna wa kumwonyesha ila mimi.

Bosi amempa karatasi ya kusaini kabla ya kuondoka, ya kusema kosa ni lake peke yake, alibuni majina bila kuuliza mtu. Atasaini. Na akishasaini, nani mwingine atampa kazi ya kupima? Lakini nikienda kusema, nitamfanya mwanangu aonekane mwongo mbele ya bosi wake, na atajua kwamba nilikumbuka na nikamwambia sikukumbuka. Na wanawake watajua nilijua. Nimegeuza upande huu, nimegeuza ule, sioni penye nafuu. Hata nikisema, kazi hairudi, na yule mjane hapati samaki zake. Kila tukikutana njiani ananisalimu vizuri, anauliza Zuhura anaendeleaje.

Chakula anakigusa tu. Jana nilipika ndizi na maharage, akasema ni tamu, akairudisha sahani imejaa.

Shangazi yake wa Ujiji mpe salamu, usimwambie haya. Shemeji ukimsomea, msomee mpaka pale pa mafuta ya magoti.

Usipige simu yangu. Piga ya fundi cherehani jirani yetu, namba nimeandika nyuma ya karatasi, ataniita. Usiniambie Mungu anajua nia yangu, hilo nalijua na halijamsaidia Zuhura. Niambie neno moja, niseme au ninyamaze, nami nitalifanya hilo hilo. Lakini dada, nijibu siku hiyo hiyo dereva atakapokufikia. Karatasi iko mezani, na kalamu ameshaiweka juu yake.

Mdogo wako,
Mariamu