Mlio katika Kamio ya Bwana Amisi

Kasongo. Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimesomesha watoto Kurani hadi jua lilipokuwa kali. Adhuhuri akaja Bwana Amisi, mwenye kamio, lori la kubebea pamba. Kamio inalia. Ta-ta-ta-ta upande wa mbele, kama mtu agongaye kopo, na shofere wake Yosefu hajui sababu. Aliniuliza kama ile hirizi bado ina nguvu. Nikamjibu kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayachakai. Niliifunga mwenyewe chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, kamio ilipokuwa mpya. Nilichagua mahali ambapo Yosefu asingeiona, maana ni Mkristo, angeicheka.
Kisha nikaongeza jambo ambalo sikuulizwa: chombo kikiendeshwa na mnywaji wa pombe hakitulii. Amisi akainamisha kichwa. Nilipendezwa na jibu langu.

Jumatano, 9 Machi
Neno langu limefika sokoni. Wanasema Yosefu ameiletea kamio mkosi. Amisi ameapa: mlio usipokoma safari hii, atamwondoa. Mke wa Yosefu amepita mlangoni kwangu, akaniamkia kwa heshima. Nikamwitikia bila kuinua uso.
Kesho nakwenda Kabambare kuozesha. Nitapanda kamio hiyohiyo.

Wamaza. Alhamisi, 10 Machi
Tunalala hapa.
Nimekaa ubavuni mwa Yosefu tangu alfajiri. Nimeinusa pumzi yake kwa makusudi. Hakuna pombe.
Kwenye vilima mlio ulizidi. Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti kutoka nyuma: "Shofere, iko nini humo ndani? Ngoma ya harusi ya Mwalimu?"
"Ni tumbo yako, mama. Iko na njaa," Yosefu akajibu.
Wote wakacheka. Yosefu mwenyewe hakucheka.
Akasimamisha, akafungua kapo. Akavua mkanda unaozungusha vantilateri, yale mapanga yanayopuliza radiateri ili maji ya injini yapoe. Akawasha injini. Kimya. Akaurudisha mkanda. Ta-ta-ta. Akazima, akazungusha mapanga kwa kidole. Hayakuyumba.
"Mwalimu, injini iko muzima. Kuna kitu inagusa mapanga, huku juu, upande wa kushoto. Mukono yangu haiingii."
Juu, upande wa kushoto. Ndipo nilipoifunga ile hirizi.
Alipokwenda mtoni kuteka maji, abiria wakiwa kivulini, niliingiza mkono wangu. Uzee umeukondesha, ukapita. Kamba ilikuwa imelegea kwa joto. Ngozi ya hirizi imetafunwa na mapanga. Karatasi ya aya, niliyoiandika nikiwa na udhu, imekatwakatwa. Nikatia vyote mfukoni mwa kanzu. Yosefu aliporudi alinikuta nimeinua mikono, ninaomba.
Akawasha. Kimya.
"Dua ya Mwalimu!" abiria wakashangilia. Yosefu naye akanishukuru, mkono kifuani.
Nikapanda tena, mkono mfukoni juu ya vile vipande.

Kabambare. Jumamosi, 12 Machi
Nimeozesha. Habari ilinitangulia: Mwalimu aliyenyamazisha kamio. Mama mmoja amebeba mtoto mwenye homa tangu kijiji cha mbali ili nimsomee. Nimemsomea. Nikamwambia ampeleke pia kwa muuguzi. Akasema hakuna haja, nimeshamsomea mimi.
Ninaona haya kuushika msahafu.

Kasongo. Jumanne, 15 Machi
Amisi amekuja, uso umemkunjuka. Amepata shofere mwingine, Mwislamu. Ataanza baada ya Ijumaa. "Ulisema kweli, Mwalimu. Shida ilikuwa mutu. Wewe uliondoa mulio kwa dua, mimi naondoa mutu mwenye mukosi."
Nilifungua kinywa. Nikamkaribisha chai.
Chai! Miaka yote nimewafundisha watoto alama za mnafiki. Leo ningeweza kusimama mbele yao wazihesabu juu yangu.

Ijumaa, 18 Machi
Baada ya sala, kabla watu hawajainuka, nilisimama. Nikafungua leso, nikaweka vile vipande juu ya mkeka. Nikasema: hiki ndicho kilichokuwa kikilia. Nilikifunga mimi, nikakitoa mimi, nikakificha mimi. Dua yangu haikunyamazisha kitu. Yosefu nilimsingizia.
Mmoja alikohoa. Amisi alitoka bila kunipa mkono.
Nikaenda kwa Yosefu mchana uleule, watu wakiniona. Nilimwomba radhi mlangoni, mkewe akisikia. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akasema:
"Nilitafuta ile kitu mpaka nikaota juu yake, Mwalimu. Nilizania nimesahau kazi yangu."
Hakusema amenisamehe. Mkewe akaniletea kiti. Sikukistahili. Nikaketi.

Jumatatu, 21 Machi
Nimevizika vile vipande nyuma ya msikiti, mahali pasipokanyagwa. Watoto waliokuja kusoma leo ni wachache. Nimewasomesha.
Amisi amemwacha Yosefu kazini. Kwangu hajafika.
Asubuhi kamio imepita, inakwenda Kabambare. Mbele ya mlango wangu ilipunguza mwendo kidogo. Yosefu hakupiga honi, wala hakugeuka. Nilisimama kizingitini nikaisikiliza hadi ilipopotea nyuma ya migomba.
Injini tu.