Kopo Lililotunzwa Darini

Mama yangu, shikamoo.

Natangaza rasmi, na mbuzi wako nao wasikie: mwanao amepata brashi mpya. Nilipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Sukari ikaisha, sabuni ikaisha, tukabaki brashi na mimi.

Goti lako linaendeleaje? Huku Moshi mimi ni mzima, ila mvua hainipi nafasi.

Juzi niliitwa Marangu kupaka nyumba ya mkulima mmoja wa kahawa, Mzee Kisamo. Rangi anayo mwenyewe, bluu, aliyoichagua mkewe, Bibi Anasia, miaka sita iliyopita alipoanza kuona ukungu. "Ipake nikiwa bado naona," alimwomba. Mzee akasema wangoje Krismasi, mtoto wao Elia aje na wageni, waikute mpya. Elia hakuja. Ikangojwa Krismasi nyingine, na nyingine. Macho hayakungoja.

Kopo mzee alilitunza darini, juu ya mafiga, wanakoweka mahindi yasiliwe na wadudu. Kweli, halikuliwa. Nikalifungua: jiwe. Rangi ikifungwa vizuri na kuwekwa penye baridi hukaa miaka, Mama. Juu ya moto hata mimi nisingekaa.

"Tia mafuta ya taa," akaniamuru.

"Mzee, hii hata ukitia damu."

Bibi alishaketi uani, kavaa kitenge cha kanisani. "Baba Elia, fundi ameanza?"

"Ndiyo anaanza!" Akanivuta migombani. "Chota maji ndoo moja. Mafuta ya taa kidogo, apate harufu."

Nikapaka maji, Mama. Kuta nne, kwa brashi mpya.

"Fundi, inang'aa?"

"Inang'aa, Bibi." Sikusema uongo, maji hung'aa.

Akanyoosha mkono. "Usiguse, mbichi!" mzee akafoka.

"Haya, haya. Itadumu miaka mingapi?"

"Kumi," akajibu mzee, kabla sijafungua mdomo.

Nikapewa mkungu wa ndizi. Nikaupokea.

Sasa lile kopo la kijani la mlango wako, najua liko chini ya kitanda linanisubiri. Litoe. Kaka aukwangue mlango, akoroge rangi mpaka chini, apake leo. Mkono wa pili apake kesho, wa kwanza ukishakauka. Msiningoje.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi anayesema mafundi wote waongo. Mwambie hajakosea.

Ni mimi mwanao, fundi rangi,
Yohana

Nilisahau: saa sita jua lilitoka, kuta zikakauka.