N ya Nyuma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Juzi simu ilikata hata kabla hujaitikia salamu yangu, na tangu hapo najiona kama mtu aliyepita mlangoni kwako bila kubisha hodi. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua bado unaitumia, au umeshampa jirani kama ulivyomgawia ile miwani niliyokununulia? Mdogo wangu ananiambia unalala vizuri siku hizi, lakini yule ni mtu wa kusema kila kitu ni kizuri ili asitumwe dukani, kwa hiyo naomba unijibu mwenyewe. Huku sote ni wazima. Mume wangu yuko safarini na lori lake, na mama mkwe anakusalimu sana, anasema zile shuka ulizompa amezitunza za wageni tu.

Uliniuliza kwenye simu kama naelewana na baba mkwe, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi. Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuwa ameketi pembeni yangu anamenya viazi. Leo amekwenda kumjulia hali dada yake, nyumba iko kimya, na nina nafasi ya kukueleza vizuri. Usianze kuhangaika. Mambo yameisha salama, na hii ninayokuandikia ni barua ya mtu aliyeshusha pumzi.

Unajua kwamba nilipoolewa nilikuja na cheti changu cha ufundi umeme, nikidhani nimeolewa na karakana ya umeme ya baba mkwe pia. Badala yake nikawekwa duka la mbele, kuuza balbu na soketi na kuwapimia watu waya. Si kwamba baba mkwe ananidharau. Yeye alimweleza mume wangu wazi kabisa: fundi anayepanda ngazi lazima awe na mtu wa kumshikia chini, na mwanamume mwenye akili timamu hawezi kusimama chini ya miguu ya mkwewe akitazama juu. Alisema hata nikivaa suruali mbili bado haitakaa sawa. Sasa hoja kama hiyo unaijibuje? Nikaendelea kupima waya.

Halafu shemeji yangu, aliyekuwa msaidizi wake, akapata kazi kwenye kiwanda cha sabuni na kuaga. Mzee akabaki na ngazi isiyo na mshikaji, na papo hapo ikaingia kazi kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, ambapo inatua ndege ya madaktari na dawa. Walitaka kufungiwa kipima hali ya hewa cha kisasa. Baba mkwe akaniita, akaniambia twende wote, yeye atapanda na mimi nitashika ngazi na kusoma kitabu cha maelezo, maana vitabu vya maelezo hajavipenda tangu ujana wake. Akaongeza kwamba ikienda vizuri tutazungumza juu ya mimi kutoka nje kama fundi. Ikienda vibaya, kaunta ninaijua ilipo. Mama, nilikisoma kile kitabu mpaka kurasa zikaanza kulegea.

Hicho chombo chenyewe ungekiona ungecheka. Ni kidude cheupe, hakizidi sufuria ndogo, kimepangwa visahani visahani, hakina hata panga la kuzunguka. Lakini hapo kilipo kinajua upepo unatoka wapi na una kasi gani, kinajua joto, kinajua unyevu, na vyote kinavituma kwenye skrini iliyo ndani ya kibanda cha msimamizi wa kiwanja. Kina nyaya nne. Nyekundu na nyeusi ni za umeme, nyeupe na kijani ndizo zinazobeba habari. Baba mkwe aliziunganisha kwenye boksi la nyaya kwa mkono wake, akafunga waya wa ethi, ule unaozikwa ardhini, vizuri kabisa, tukawasha. Skrini tupu.

Nilichungulia kwenye boksi nikaona nyeupe na kijani kila moja imekalia kiti cha mwenzake. Sasa baba mkwe unamwambiaje kwamba amekosea, tena siku ya kwanza? Nikasema kwa sauti ya upole kwamba watengenezaji wa siku hizi wanachanganya rangi ovyo, huenda hizi mbili zikibadilishwa zitakubali. Akazibadilisha, skrini ikajaa tarakimu, naye akakitukana kiwanda kile mpaka tulipomaliza chai. Kiwanda cha watu hakijawahi kutukanwa vile bila kosa. Nilijiona mjanja sana, Mama, na ujanja wenyewe ndio ulionifikisha pabaya.

Maana ilibaki kazi ya kukifunga kidude juu ya mlingoti. Ubavuni pake pamechapwa herufi moja tu, N, ambayo kwa lugha ya waliokitengeneza ndiyo herufi ya kwanza ya kaskazini. Kitabu kinasisitiza kwamba upande huo lazima uangalie kaskazini, la sivyo habari zote za upepo zitakuwa uongo. Nilipaswa kumwambia baba mkwe angali chini. Lakini nilikuwa nimeshamsahihisha mara moja asubuhi ile, hata kama yeye alidhani nimekisahihisha kiwanda, na niliona mara ya pili itakuwa ukosefu wa adabu. Nikasubiri mpaka alipofika juu, nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za watoto, eti ile N, Baba, imekaa sawa?

Akajibu kwamba N iko nyuma, nisiwe na wasiwasi.

Hebu nikuchoree hapo palivyo. Kibanda kiko kusini, njia ya ndege inaanzia mbele yake na kunyooka kwenda kaskazini, na mlingoti umesimama katikati ya hivyo viwili. Baba mkwe alikuwa juu ya ngazi ameupa uso mlingoti na kibanda, mgongo wake uko kwenye njia ya ndege. Kwa hiyo aliposema N iko nyuma, nilielewa iko nyuma yake, yaani kaskazini, panapotakiwa. Nikaridhika kabisa. Tena siku ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi, kwa hiyo skrini haikuwa na la kutusuta.

Kesho yake tulirudi kukabidhi kazi. Upepo ulikuwa unavuma wa kutosha, na ile soksi kubwa ya kitambaa waliyoitundika kwenye kona ya kiwanja ilikuwa imejaa, mkia wake umenyooka kuelekea kwenye kibanda. Msimamizi wa kiwanja, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa ameshatoa kalamu. Skrini ilisema upepo ni wa kusini. Nikaitazama soksi, nikaitazama skrini, nikairudia soksi. Upepo huitwa kwa kule unakotoka, na soksi ilikuwa inasema unatoka kaskazini.

Nilitaja jambo hilo kwa sauti ndogo. Baba mkwe akashangaa ugomvi uko wapi. Soksi inaelekea kusini, skrini inasema kusini, basi vimeelewana. Nikamwambia upepo wa kusini ni unaotoka kusini. Akaniuliza, basi la kusini linakwenda wapi? Si linakwenda kusini? Na treni ya mjini je, inatoka mjini au inakwenda mjini? Msimamizi akacheka mpaka akashika meza, akasema mzee amemaliza kesi. Nami nilicheka, Mama, nakiri, maana hoja ilikuwa tamu, na kwa kitambo nilijaribiwa kuiacha ipite.

Wakati huo huo redio ikakwaruza. Rubani alikuwa njiani na daktari na maboksi ya chanjo, akaomba aelezwe upepo. Ndege hutua ikiukabili upepo, hilo hata mimi nalijua. Akiambiwa upepo unatoka kusini, angeingilia kwa upande wa kaskazini, upepo ukimsukuma mgongoni, akija mbio kuelekea kwenye kibanda tulichokuwemo. Pengine angeiona soksi mwenyewe na kushtuka. Pengine. Msimamizi akageukia skrini na kuinua kipaza sauti cha redio.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia tangu niingie nyumba ile. Nikasema skrini hiyo inadanganya, baba mkwe amekosea na mimi nimekosea, asimwambie rubani neno lolote kutoka hapo, amwambie chombo kipya hakijakaa sawa na aifuate soksi. Msimamizi akanitazama, akamtazama baba mkwe, kicheko kikamwisha. Akasema kwenye redio vilevile nilivyosema. Ndege ikazunguka, ikaja kwa upande wetu, ikapita juu ya bati la kibanda na kutua taratibu kule mbele. Nikakaa juu ya boksi la vifaa bila kuombwa.

Baba mkwe alitoka nje. Nilijua ndiyo basi. Nimemwita mzee mkosaji mbele ya mteja wake, mimi mkwe, niliyeingia kwake juzijuzi. Nilianza hata kufikiria nitazipangaje balbu upya pale kaunta. Nilipomfuata nilimkuta amesimama chini ya mlingoti, kichwa juu, anakitazama kidude. Akaniuliza, bila ukali, ile N ni ya nini. Nikamwambia ni ya kaskazini kwa lugha yao. Akafumba macho.

Hapo ndipo nilipoelewa, na wewe ungeelewa mapema kama ungeiona karakana yake. Kila kifuniko anachokifungua hukiandika kwa kalamu nene, M upande wa mbele na N upande wa nyuma, ili asipotee wakati wa kurudisha. Ameandika hivyo maisha yake yote. Alipoiona N kwenye kidude alifurahi kwamba hata wenye kiwanda wana adabu ya kuonyesha nyuma ni wapi, akaigeuza N iangalie kibanda, maana kwake mbele ni kwenye njia ya ndege. Aliponijibu N iko nyuma, alikuwa ananipa jibu kamili.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu, nilijua tangu chini upande ule ukae wapi, nikaona haya kumwelekeza. Nilimwambia pia habari ya nyeupe na kijani, kwamba kiwanda hakikuwa na hatia. Naye akaniambia jambo ambalo hata mume wangu halijui. Amekuwa akipatwa na kizunguzungu akiwa juu ya ngazi. Kilianza shemeji angali kazini, na amekificha kwa wote. Siku ile alikuwa ameukumbatia mlingoti kwa mkono mmoja, anafunga bolti kwa mkono wa pili, hatazami chochote, anaomba tu ashuke. Alisema alitamani siku nyingi mtu mwingine apande, lakini mtu mwenyewe alikuwa mimi, na hakuona namna ya kunishikia ngazi akabaki na heshima yake. Halafu akasema wewe umeficha N, mimi nimeficha kizunguzungu, tungeua watu kwa heshima zetu.

Mama, nililia. Naye akajifanya anatafuta spana.

Kisha akaishika ngazi. Akaikanyaga kwa mguu, akaikamata kwa mikono miwili, na uso akaugeuzia kwenye nyasi za kiwanja, akaniambia panda. Nilipanda. Kule juu upepo ulikuwa unanipiga usoni kutoka kaskazini hasa, nikalegeza bolti, nikakigeuza kidude huku nikimuuliza dira aliyoilaza kwenye nyasi inasemaje. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba kaskazini ni pale njia ya ndege inapoishia, nami nikailenga N hapo. Mara moja ngazi ilicheza nikamwambia, Baba, kaza hapo kushoto, na akakaza, nami nikashtuka kwamba nimemwamuru na mbingu haijaanguka. Msimamizi akapiga kelele kutoka kibandani kwamba skrini sasa inasema kaskazini. Nilishuka nikiwa mwepesi, Mama, sijui nikuelezeje. Baba mkwe akamwambia msimamizi kwamba N aliigeuza yeye, na kwamba kuanzia sasa kazi za juu atafanya fundi wake. Akanionyesha kwa kidole, asije akadhani ni mtu mwingine.

Sasa kaa kwenye kiti, maana kuna la mwisho. Wewe ulifurahi sana nilipokuandikia kwamba nimeridhika kukaa kaunta, miguu chini, kivulini. Halikuwa kweli hata siku moja. Niliandika vile kwa sababu najua unavyoogopa mtu akiwa juu, na sikutaka ukose usingizi. Lakini nimeona heshima ya kuficha inavyoweza kumfikisha mtu, na wewe sitaki nikufanyie hiyo. Binti yako anapanda nguzo. Anapanda akiwa na mkanda, anashikiwa na mtu makini, na anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kama utakasirika, kasirika, lakini tafadhali usimpigie baba mkwe kumwomba anishushe. Mzee ameshaahidi kwenda kupimwa hicho kizunguzungu. Tena mama mkwe, tuliyedhani hajui, alikuwa ameshamwandikia miadi na daktari, anangoja tu mwenyewe afungue mdomo.

Nisalimie mdogo wangu, mwambie nikija nitampima kama kweli anajua kubadilisha balbu. Msalimie na jirani mwenye miwani yetu. Lichue goti, usipande vilima bila sababu, na ukiniandikia niambie kama umenisamehe, hata kwa mstari mmoja. Nakutakia afya, na usingizi ule ule mzuri hata baada ya barua hii.

Ni mimi bintiyo,
Fundi