Mlio wa Pikipiki Yako

Baba Beno, mume wangu,

Nakuandikia nimekaa mlangoni, Beno amelala. Mapema sikuweza. Kila nikishika kalamu nakuona umelazwa pembeni, wanaume wanachota maji kaburini kwa debe, yanajaa tena. Mvua ile! Walikuteremsha kwenye matope, na mimi nilikuwa nimekufulia shuka ikawa nyeupe kabisa.

Wazee walisema Beno asiambiwe, bado mdogo. Aambiwe baba kasafiri, yuko Mahenge. Nikamwambia hivyo. Basi kila jioni akawa anakaa njiani, ametega sikio.

Pikipiki walimpa mdogo wako Alfonsi. Akaiona ile skrubu ya hewa ya kabureta imelegea, akaikaza hadi mwisho, isije ikadondoka njia ya Kiberege. Tangu hapo inakohoa, inatoa moshi mweusi, akisimama tu inazima. Beno akiisikia hata hageuki. "Hiyo siyo ya baba."

Juzi Alfonsi kaja anaisukuma, jasho linamtoka. "Shemeji, hii mali ya kaka inanikataa. Si wewe ulikuwa unamshikia bisibisi?"

"Itakukubalije, nawe umeiziba pua?"

Akacheka. Siku nyingi hapa hatujacheka.

Nikamwambia aiwashe, ashikilie mafuta isizime. Nikailegeza ile skrubu polepole, kama ulivyonifundisha pale nyuma ya jiko, mkono wako juu ya wangu: "Usiangalie mkono, Mama Beno. Sikiliza." Mzunguko mmoja, na nusu. Nikarudisha kidogo. Moshi ukapungua. Alfonsi akaachia mafuta, haikuzima. Ikatulia, ikaunguruma ule mlio wako. Wako kabisa.

Ndipo Beno akatoka ndani mbio, uchi, amemponyoka bibi yake aliyekuwa akimwogesha, povu kichwani. "Baba kaja! Baba kaja!" Akasimama mbele ya Alfonsi. Akazunguka nyuma ya pikipiki kukutafuta. Akarudi mbele. Hakulia. Afadhali angelia.

Alfonsi akaninong'oneza, "Shemeji, niikaze tena?"

Nikasema hapana. Nikampakata Beno na povu lake, nikamwambia baba amekufa, tumemzika kule Lumemo, harudi.

Akaniuliza, "Na mvua ikinyesha, baba hatalowa?"

Nikambana kifuani, mume wangu. Tukalia wote, hata Alfonsi.

Leo Alfonsi alipopita, Beno hakukimbia. Alisimama tu akasikiliza hadi mlio ukapotea. Kisha akaomba wali, akala, akaomba tena. Nimeshukuru.

Sasa nakuaga. Mvua zikikatika nitamleta akuamkie, akuambie mwenyewe ameshajua kufunga vifungo vya shati. Na lolote atakaloniuliza juu yako nitamjibu kweli, hata lile la mvua ninaloliogopa. Lala, baba. Mtoto nimemshika.

Mimi mkeo,
Mama Beno