Mawe Meupe Juu ya Ziwa

Gortnashee, Mayo
Jumanne, 5 Mei 1987

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, na ninaomba barua hii ikukute miguu haijavimba na mama mkubwa Philomena amepunguza kukufokea juu ya chumvi. Mwambie hewa ya ng'ambo huko Coventry haijamfanya daktari. Sisi huku ni wazima. Colman bado yuko kwenye upandaji wa misonobari, anarudi na utomvu mikononi mpaka sabuni imekata tamaa. Cathal ana miaka mitatu na anataka kila kitu kiwe chake, hata mbwa wa jirani. Orla ana meno mawili na hana usingizi. Mimi nimechoka, sikufichi. Juzi nilitia chumvi kwenye chai ya Colman badala ya sukari, akainywa yote kwa kuniogopa.

Nina habari ndefu. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na dada yako awe karibu, ila asikukatishe.

Yote yalianza na usingizi wa Orla. Mtoto huyu halali mpaka ahisi anabebwa na mtu anayetembea. Kwa hiyo tangu majira ya baridi, kila mama mkwe anapomchukua Cathal, namfunga Orla mgongoni kwa lile shali lako la kahawia napanda mlimani. Nilianza na njia za kondoo, kisha nikaziacha. Nimezaliwa hapa, lakini nimeona mahali nisipopajua: maporomoko ya maji nyuma ya kinamasi cha akina Kilbane, na pango ambalo upepo ukiingia unavuma kama mtu anayepuliza chupa. Siku moja ukungu uliinuka ghafla nikajikuta kwenye uwanda mdogo juu ya ziwa, umezungukwa na ukuta ulioanguka, na ndani yake miti mitatu ya miiba iliyoinamishwa na upepo wa bahari. Visiwa vyote vilikuwa chini yangu. Kwenye nyasi kulikuwa na mawe madogo meupe, hapa na pale. Niliketi nikamnyonyesha Orla, na naweza kusema ni mara ya kwanza tangu azaliwe nikapumua. Nilipoondoka nikaokota jiwe moja la Cathal kuchezea.

Wakati huohuo kamati ya parokia ilikuwa inatafuta mahali pazuri palipojificha. Kila mtu alete picha, mahali pa mshindi patatiwa kwenye ramani ya watalii, na barabara ichongwe mpaka huko pamoja na maegesho ya magari. Nikapanda tena na kamera ya Colman, nikapiga. Mama, nilishinda. Bwana Tuohy, mwenyekiti, aliitundika picha yangu dukani kwake juu ya nyama ya nguruwe, na watu wakanitania barabarani kwamba Dympna amegundua Amerika akiwa na mtoto mgongoni. Nilijisikia mtu. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu mwingine, si mashine ya kuosha nepi.

Lakini niliona kitu ambacho hakikunikaa sawa. Waliofurahi walikuwa wa rika langu. Wazee waliitazama picha, wakanunua mkate wao, wakaondoka bila neno. Nikadhani ni wivu.

Kisha akaja baba mdogo Festy, kama anavyokuja kila Jumapili baada ya misa. Nikamwekea chai na mkate wa magadi. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akaliona lile jiwe dirishani, mkono ukarudi. Chai ikapoa. Mama, unamjua Festy. Yule angekunywa chai hata kwenye nyumba inayowaka moto. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniuliza nimelitoa wapi jiwe hilo. Nikamwambia, kwa fahari, kwamba ni kutoka mahali pangu pa kwenye ramani. Akavaa kofia yake humohumo ndani, akasema, “Lirudishe, binti yangu, kabla jua halijazama. Hilo lina mwenyewe.”

Ndipo akaniambia. Pale ndipo walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, kwa vizazi na vizazi, kwa kuwa makaburini mwa kanisa hawakupokelewa. Baba wa mtoto alikuwa anambeba giza linapoingia, pamoja na ndugu mmoja, bila padre na bila kengele, na mama anabaki kitandani. Jiwe jeupe moja, basi. Hakuna jina, na kesho yake hakuna anayelisema. Walinyamaza vizuri hata sisi watoto wao tukakua bila kujua, na mimi nikaenda kuokota jiwe la kaburi nikampa mwanangu achezee.

Nililirudisha jioni ileile. Nashukuru nyasi zilikuwa bado za manjano pale lilipotoka, likaingia mahali pake kama jino.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Bwana Tuohy na watoto wote wawili, nikamwambia asimamishe barabara, kwa sababu tingatinga lilikuwa linakuja baada ya wiki mbili na maegesho yangekaa juu ya watoto wa watu. Hakuwa mkali. Aliniambia, “Dympna, mpenzi, mawe ni mawe. Mayo nzima ni mawe.” Akasema yeye ana miaka hamsini na hajawahi kusikia habari hiyo, wala serikali ya wilaya haitasimamisha kazi kwa maneno ya Festy, ambaye mwaka jana aliapa ameona nyangumi ziwani. Nilete mtu mmoja tu, asimame ukumbini mbele ya kamati aseme ana wake pale. Mmoja angetosha.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba, Orla mgongoni, Cathal mkononi akililia biskuti. Walinikaribisha wote. Wote walinieleza habari za mvua. Bi Nora Kilbane alinipa mayai, na nilipotaja uwanda ule akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia. Colman aliniambia niache, nimefanya niwezalo, kwanza nilale. Nikamwambia nitalala kazi ikiisha. Picha ni yangu. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia ya kwenda huko, na mimi ndiye nitakayeifunga.

Siku ya kikao cha kamati, mchana, nikaenda kwa Festy nikamwomba yeye asimame. Akasema yeye hana mtoto, hajaoa, atasema nini? Nikamuuliza, basi wewe ulijuaje mahali pale? Ulimsindikiza nani? Alimwacha Cathal abomoe rundo lake lote la mboji kavu ya kuwashia moto. Kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jioni nilikwenda ukumbini. Bwana Tuohy akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Nikasimama, Orla kwapani.

Sasa mshike mama mkubwa mkono, Mama. Nilisema, “Ndugu yangu yuko pale. Ni kaka yangu, alizaliwa miaka miwili kabla yangu.”

Sikukuomba ruhusa. Hapakuwa na muda wa barua kwenda na kurudi, na hata ungekuwapo, huenda ungeniambia ninyamaze, na ningekukaidi. Kama umekasirika, kasirika. Lakini sitasema nimekosa.

Pale ukumbini watu waligeuka kunitazama. Kisha Festy akasimama, kofia mkononi, akasema ni kweli, yeye alishika taa. Kisha kutoka nyuma nikasikia kiti kinasogezwa, na Bi Nora, yule ambaye hakunitazama usoni wiki nzima, akasema, “Na wangu wawili.” Akakaa. Halafu mwingine. Halafu mzee Ruane, ambaye sijawahi kumsikia akisema ila bei ya ndama. Bwana Tuohy alivua miwani akasema hakuna barabara itakayochongwa, na asiyetaka aje amwambie yeye.

Mahali pale patabaki kwenye ramani, Mama, lakini patajulikana kwa kile palicho, na watu watapanda kwa miguu yao. Wanaume wameanza kuinua ukuta. Padre mpya ameomba aje kupabariki Jumapili ya tatu ya Juni. Ataongea kwa urefu atakao, ila wazazi kwanza. Hilo nimemwambia mwenyewe.

Na sasa lile lililobaki, ambalo ni lako peke yako. Festy anasema ulipomuuliza marehemu Baba amempeleka wapi mtoto, alikujibu, “Mahali pazuri,” na hukuuliza tena maisha yako yote. Hakukudanganya. Alimlaza ukingoni kabisa, chini ya mti wa tatu, na jiwe lake si jeupe tupu, lina mshipa wa buluu, alilichukua kwenye kisima chetu. Nimesimama pale. Ukisimama pale unaona bomba la moshi la nyumba yetu. Lipo hata kwenye picha yangu, pembeni kabisa, na mimi nilidhani linaharibu mandhari.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anapanda upande ule kila Februari kutazama kondoo? Mama, hatukuwahi kuwa na kondoo upande ule.

Njoo. Colman atakupokea bandarini. Miguu isiwe sababu, kwa sababu Festy ana punda, na punda akigoma nitakubeba kwa shali lako mwenyewe, nimeshazoea mizigo inayolia. Bi Nora tayari ametaja majina ya watoto wake wawili kwa sauti, na mwashi atakayeyachonga ameuliza la wetu ni lipi. Nimemwambia asubiri, kwa kuwa si langu kulitoa.

Msalimie sana mama mkubwa, na majirani wote wa mtaani kwenu. Colman anakusalimu, Cathal anakuagizia tingatinga dogo, na Orla, nikiandika hili, amelala usingizi wa kweli.

Njoo na jina lake.

Mimi mwanao,
Dympna