Kumi Kabla ya Mbili

Kaka Idrisa,

Simu zangu hupokei, na hiyo ni haki yako. Kwa hiyo nakuandikia hapa, kwenye ukurasa uleule nilikokuchoma, mbele ya wasomaji walewale walionipongeza kwa kukuchoma. Najua gazeti hili linafika Nyololo, hata kama linafika limefungiwa maandazi. Wenzako wa kwenye mbao watakusomea.

Wiki iliyopita nilikuwa Idodi. Niliyoyaona huko yamenirudisha kwako, na mimi si mtu wa kurudi nyuma, unanijua. Nimegombana na wakurugenzi na masheikh na mapadri, na nikarudi nyumbani nikala ugali wangu vizuri. Safari hii ugali nimeuacha mezani.

Unaikumbuka Idi ile niliyokuja na kompyuta kutoka Mwanjelwa, Mbeya? Ulikuwa ndiyo kwanza umechaguliwa katibu wa umoja wa watumia maji. Ulikuwa na daftari lenye mashamba arobaini na moja yaliyoandikwa ovyo, la thelathini juu ya ukurasa, la tano chini yake, na kila msimu katibu alikaa siku mbili akiandika upya orodha ya zamu ya maji kwa mkono. Nikakuambia acha utumwa huo, nitakuandikia makro. Ukauliza makro ni mdudu gani. Nikasema ni maagizo unayoyaandika mara moja ndani ya jedwali, halafu kila msimu unabonyeza kitufe tu, orodha inajipanga.

Tulikaa barazani, mimi naandika, wewe unamenya njegere kwenye sinia la Mama. Nilikueleza kazi yenyewe kwa gwaride la shule ya msingi. Watoto wanasimama mstari, kila mmoja anajipima na jirani yake, aliye mrefu anarudi nyuma. Wanarudia hivyo mpaka asiwepo wa kubadilishana na mwenzake. Makro inafanya hivyohivyo na namba za mashamba. Inazibeba zote kwenye kumbukumbu, inapima mbili mbili, inazihamisha.

"Kumbe ni mwalimu wa zamu," ukasema.

"Asiyechoka."

"Na asiye na fimbo. Huyo hatutampata Idodi."

Halafu ukanitajia shamba la kumi na nne, kwamba warithi wamegawana, sasa kuna 14A na 14B. Makro ilikuwa inazigomea zile herufi. Nikarekebisha mstari mmoja, chai ikiwa bado jikoni. Nikaijaribu kwa mashamba saba, la pili nikaligawa kuwa 2A na 2B kwa mfano. Yakajipanga kama askari. Ukachungulia juu ya bega langu, maganda ya njegere yakiniangukia kwenye kanga.

"Mbona umeweka saba tu? Sisi tuko arobaini na moja."

"Kaka, saba au elfu saba, kwake ni mamoja."

"Haya, mwalimu," ukasema, ukarudi kwenye njegere zako.

Neno lile ulilisema kwa heshima. Mimi nililipokea kama stahili yangu.

Msimu uliopita Bibi Paskalina wa shamba namba tisa alinipigia analia. Maji ya mfereji yanapita mbele ya lango lake kwenda kwa wengine, yeye ndiye wa mwisho kabisa, na yakifika kwake mto umeshapungua. Nikapanda basi. Nikaikuta orodha ukutani pa ofisi yenu. Wa kwanza, shamba namba moja. Wa pili, namba kumi, shamba la Mama yetu. Wa tatu, namba kumi na moja, la imamu wetu. Wa nne, namba kumi na mbili, la shemeji wa mwenyekiti. Namba tisa lilikuwa mkiani, na lile la Mama, lililopakana nalo, lilikuwa kijani hadi linaumiza macho. Kanuni ya wazee wa Idodi kila mtoto anaijua: maji yanashuka kwa namba, kuanzia juu ya mfereji.

Nilikuuliza pale mlangoni, "Nani kapanga hivi?"

"Mdogo wangu, mimi nabonyeza tu."

Sikukuamini. Nataka wasomaji wajue kwa nini sikukuamini. Makro niliiandika mimi, na mimi sikosei. Basi, kama orodha ina upendeleo, umeichezea wewe. Ndiyo hesabu yote niliyoifanya. Sikuomba kufungua faili. Nilirudi Mbeya nikaandika makala, na sentensi iliyopendwa kuliko zote, waliyoirudia watu mpaka vijiweni, ilikuwa hii: kompyuta haina mjomba, katibu ndiye anaye.

Kwenye mkutano wa umoja, mwenyekiti alisimama akauliza, "Hiyo mashine nani aliifundisha?" Mimi nilikuwa benchi la nyuma na kalamu mkononi. Ulinitazama kidogo. Halafu ukasimama.

"Ni mimi, Mwenyekiti."

Nikaandika kwenye daftari langu: amekiri. Nikapiga mstari chini yake.

Ulivuliwa ukatibu siku ileile, na mwezi haukuisha ukaenda Nyololo kupasua mbao. Mama alichukua mawe na tope akaziba lango la shamba lake kwa mikono yake. Alisema hanywi maji ya kusemwa. Mpunga wake uliungua ukiwa umeshaanza kutoa masuke. Nililijua hilo, Kaka, na nikalihesabu kuwa ni aibu yako.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita. Bibi Paskalina alinipigia tena.

"Kamwene, mwanangu. Mwizi wako ameondoka."

"Ndiyo, Bibi."

"Maji hayajarudi."

Nilikwenda Idodi nimeshaandika kichwani nusu ya makala ya pili. Katibu mpya ni Rehema, dada mpole aliyekuwa akifundisha chekechea. Orodha ya msimu huu ilikuwa ukutani. Moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Namba tisa mkiani. Nikamuuliza kwa sauti ile unayoijua amebadilisha nini.

"Dada, mimi nabonyeza tu."

Maneno yaleyale, Kaka, kutoka kinywa ambacho hakijawahi kuzungumza na wewe. Nikamwomba kiti, nikafungua makro.

Juu kabisa palikuwa na ule mstari wangu wa jeuri: "Kaka, usiguse chochote chini ya hapa." Hukugusa. Kila nukta ilikuwa pale nilipoiacha, hata sehemu moja niliyokosea kuacha nafasi. Nikashuka mpaka ule mstari nilioubadilisha chai ikiwa jikoni. Ili herufi za 14A na 14B zipokelewe, niliiambia mashine izishike namba zote kama maneno. Na maneno yanapangwa kama kwenye kamusi, kwa kutazama kinachoanza. Kumi inaanza na tarakimu ya moja, kwa hiyo inakaa mbele ya mbili. Kumi na tisa pia. Tisa, maskini, inasubiri mpaka hata arobaini na moja apite. Kwa mashamba saba kosa hilo halionekani, kwa sababu chini ya kumi kamusi na hesabu vinakubaliana. Lilihitaji mashamba arobaini na moja kujitokeza. Uliniambia.

Nilibonyeza mwenyewe mara tatu, nikitumaini sijui nini. Moja, kumi, kumi na moja. Rehema akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliohukumiwa bila kosa, na katika kila kimoja nimekaa upande wa mshitakiwa. Haikunijia hata siku moja kwamba ningejikuta kwenye kiti cha hakimu, nina ushahidi mkononi na sijaufungua. Na wewe hukuwa na habari ya tarakimu wala kamusi. Ulijua kitu kimoja tu, kwamba kazi ile ni ya mdogo wako, na mdogo wako yuko benchi la nyuma. Ukasema ni mimi.

Niliomba mkutano uitwe. Mwenyekiti alinivuta pembeni kwanza. "Dada Zuhura, tulimalize kimyakimya. Mambo ya mashine haya, watu watasahau." Nilimwambia kwamba mtu aliyetukanwa kwa kipaza sauti hawezi kuombwa radhi kwa kunong'onezwa. Nikasimama mbele ya wote nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Bibi Paskalina ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo ulimwita kaka yako mwizi kwa sababu ulijiona hukosei."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi andika hivyo. Usizungushe maneno."

Ndivyo ninavyoandika. Idrisa, katibu wa maji wa Idodi, hakuiba zamu ya mtu. Orodha niliikosea mimi, na kaka yangu nilimsingizia mimi.

Makro nimeirekebisha. Sasa inatenganisha namba na herufi, inapima namba kama namba, herufi inafuata baadaye. Nimeijaribu kwa mashamba yote arobaini na moja, pamoja na 14A na 14B, Bibi Paskalina akiwa amesimama nyuma yangu anahesabu kwa kidole kwenye kioo mpaka la mwisho. Ule mstari wa juu nimeufuta. Mahali pake nimeandika: "Kaka alisema tujaribu kwa mashamba yote."

Jumanne maji yaliingia namba tisa. Bibi alisimama ndani yake hadi magotini.

Anayefuata ni namba kumi. Nilikwenda na jembe kumzibulia Mama lango, nikamkuta amekaa juu ya mawe yale. Aliniambia nirudishe jembe nilikolitoa.

"Lango hili lilizibwa kwa ajili ya Idrisa," akasema. "Atazibua Idrisa."

"Mama, zamu ikipita?"

"Ipite."

Miche yake iko kitaluni, imeshaanza kupauka ncha. Rehema amekubali kusimamisha zamu hadi Alhamisi hii, na wa shamba la kumi na moja, yule imamu, amekubali kungoja. Zaidi ya hapo hawawezi. Kwangu mimi usije kama huwezi, nami sitakuwa pale langoni kukuangalia usoni. Jembe nimeliegemeza kwenye mawe, mpini umeelekea barabarani.

Ni mimi,
mdogo wako Zuhura